Mwani mkavu, sabuni, sponji au hoteli: mwanamke wa pwani ya Zanzibar apime kwa mizani ipi?

Kila bei ya mwani inapotangazwa, swali hurudi lile lile katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja na katika ghuba za Pemba: mwanamke anayetafuta pato lake mwenyewe abaki kuuza mwani mkavu, ajiunge na kikundi kinachotengeneza sabuni, ajifunze ufugaji wa sponji, yule mnyama wa baharini anayekaushwa na kutumika kuogea, au aende kuomba kazi hotelini? Mwaka huu swali hilo limeingia nyumbani kwetu, kwa sababu binti wa mama yangu mdogo amemaliza kidato cha nne na kwa sasa haendelei na masomo, na kila mtu mzima katika ukoo ana la kusema. Wengi hulinganisha kwa bei ya kilo au kwa mshahara wa mwezi, kisha wanamaliza. Kwa maoni yangu kipimo hicho ni kifupi, kwa kuwa nimewaona wanawake wanaopata kidogo wakamiliki kidogo hicho, na wengine wanaopata zaidi wasijue kilikwenda wapi.

Nimezilinganisha njia hizi nne kwa mambo matatu, nayo hayana uzito sawa. La kwanza ni nani anapanga bei na saa za kazi, na fedha ikiingia inaingia mkononi mwa nani. La pili ni mwili unalipa nini. La tatu ni kama kazi hiyo inampa mwanamke mahali pa kusema nje ya ua wa nyumba yake. La kwanza nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine, na msomaji atakayeona nimelipa kubwa mno ana haki ya kupunguza.

Kuuza mwani mkavu

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, baada ya miaka ya utafiti na majaribio ambayo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye anayekumbukwa zaidi kwayo. Mwanzoni wanaume nao waliingia majini. Walipoona fedha yake ni ndogo na huja polepole, wengi walirudi kwenye uvuvi na baadaye wakaelekea kwenye utalii, na leo sehemu kubwa sana ya wakulima wa mwani ni wanawake. Jambo hilo husifiwa kuwa ni maendeleo ya wanawake, nami sikatai, kwa sababu mabati na sare za skuli zilizotoka baharini nimeziona kwa macho yangu. Hata hivyo, kazi iliyoachwa na wanaume kwa uchache wa malipo haikupanda malipo kwa kuwa wanawake wameipokea.

Kazi yenyewe hufuata bamvua, siku za mwezi mpya na mwezi mpevu. Katika siku hizo maji hupwa sana kati ya saa nne na saa sita, jua likielekea utosini, na mama hutoka na kamba begani, akapigilia vijiti mchangani, akafunga kamba kati ya kijiti na kijiti, na kwenye kamba hiyo ameshafunga kwa taitai, yaani vikamba vyembamba, vipande vya mbegu vilivyoachana kwa nafasi ya shubiri moja hivi. Yakija maji mafu, yasiyopwa sana, hurudi kwenye kazi za nchi kavu: kufungua, kufunga upya, kuanika. Baada ya wiki sita hivi huvuna, na mwani huhitaji siku mbili tatu za jua kali ili ukauke. Wakati wa masika hata wiki haitoshi, na mwani ulionyeshewa hushuka thamani.

Bamvua iliyopita nilikuwepo mnunuzi alipokuja. Mizani ya kuning'iniza ilifungwa kwenye tawi la mvinje, mapolo, yaani magunia ya mwani, yakapangwa mchangani, na kila mama akasogea zamu yake ilipofika, macho yakiwa kwenye mshale na siyo kwenye uso wa mpimaji. Polo la mama mdogo lilitulia kwenye kilo 31. Mpimaji aliandika 29, akasema mbili ni za mchanga na unyevu. Mama mdogo akatia mkono ndani ya polo, akatoa fungu la mwani, akalikamua kwa nguvu zake zote, kisha akamfungulia kiganja: hakikuwa na tone, ila chumvi nyeupe. "Unyevu uko wapi hapa, mwanangu?" Kijana alicheka kwa haya, akarejesha kilo moja. Ile ya pili haikurudi, na baadaye ikakatwa fedha ya kamba ambazo mama mdogo alikopeshwa na mnunuzi huyo huyo mwanzoni mwa msimu.

Tuifanye hesabu hiyo kwa mfano. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi hutoa kilo moja ya mwani mkavu. Bei ikiwa shilingi 700 kwa kilo, polo la kilo 30 ni shilingi 21,000, na polo hilo lilipotoka majini lilikuwa na uzito wa kilo 210 au zaidi, uliobebwa kwa mafungu na mtu yule yule. Bei hupanda na kushuka kwa sababu zilizo mbali na Jambiani, kwani mnunuzi mkubwa ni kiwanda cha nje kinachotoa karajinani, ile kemikali inayofanya dawa ya meno ishikane na aiskrimu isiyeyuke upesi. Mama mdogo hana kauli katika bei hiyo. Anachoweza kuwa na kauli nacho ni kamba. Aliyekopeshwa kamba na mnunuzi hana njia ila kumuuzia yeye. Aliyenunua kamba zake anaweza kusubiri wiki mbili au kumwita mnunuzi wa pili. Kwa hiyo, anayechagua njia hii aulize kwanza kamba ni za nani, ndipo aulize bei.

Aina ya mwani nayo huleta tofauti kubwa. Mwani mwembamba, yaani spinosum, ni mvumilivu na bei yake ni ndogo. Mwani mnene, yaani cottonii, bei yake mara nyingi huwa maradufu au zaidi, lakini haustahimili joto, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umekuwa ukifa katika fukwe nyingi za Unguja: matawi hupauka, hulainika, kisha hukatika na kuchukuliwa na maji. Pemba, ambako sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar huzalishwa, bado kuna maeneo ambayo mwani mnene hukubali. Mwanamke wa Kiuyu au Tumbe akisoma ulinganisho huu ajue kwamba kwake mwani una nguvu kuliko ulivyo kwa mwenzake wa Paje, na asikimbilie kuacha kwa kuwa wa Unguja wanaacha.

Ziko faida ambazo hesabu ya kilo haizionyeshi. Mkulima wa mwani hana tajiri wa kumwajiri. Akifiwa na jirani hafungi safari ya kuomba ruhusa. Akijifungua anapumzika mpaka nguvu zirudi, ijapokuwa hapana anayemlipa kwa siku hizo. Mtaji wa kuanzia ni mdogo kuliko wa njia nyingine zote. Shamba lenyewe halina hati, kwa kuwa pwani ni ya umma, lakini vijijini hujulikana hapa pa nani na pale pa nani, na nimewaona mabinti wakirithi sehemu za mama zao bila ya ugomvi. Ugomvi huja kutoka upande mwingine, pale fukwe zinapohitajiwa na hoteli na wageni wanaotaka kuogelea mahali palipo na vijiti.

Kilichopo kati ya pato na masurufu

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo ulinganisho mwingi unapokosea. Kwa sharia ya Kiislamu, ambayo ndiyo wengi wetu tunaoana kwayo, pato la mke ni lake na masurufu ya nyumba ni juu ya mume. Katika nyumba kadhaa ninazozifahamu mambo yalikwenda hivyo kwa mwaka mmoja au miwili. Kisha mume akaona unga na sukari vipo hata asipoleta, masurufu yakaanza kupungua kimya kimya, na mwishowe fedha ya mwani ikawa ndiyo masurufu. Hakukuwa na ugomvi wala kauli, na hilo ndilo linalofanya iwe vigumu kulirudisha nyuma.

Kwa hiyo namna fedha inavyoingia ina uzito mkubwa. Fedha ya mwani huingia kwa mkupuo siku ya mizani, hadharani, kijiji kizima kikijua nani kapata ngapi, na kabla mama hajafika nyumbani tayari mahitaji yanamsubiri mlangoni. Fedha ya sabuni hupita kwanza kwenye daftari la kikundi na hugawiwa kwa siku iliyokubaliwa. Fedha ya hoteli huingia benki au kwenye simu, na mwenyewe ndiye wa kwanza kuijua. Sisemi kwamba mke amfiche mumewe. Nasema kwamba mtu anayejua wa kwanza ana nafasi ya kupanga kabla ya kupangiwa.

Dawa ya fedha ya mwani ninayoiona ikifanya kazi ni kikundi cha hisa, kile chenye sanduku la kufuli tatu zinazoshikwa na wanachama watatu tofauti, ambapo kila wiki mtu hununua hisa mbele ya wenzake na mwisho wa mzunguko hugawana akiba pamoja na faida ya mikopo waliyokopeshana. Fedha iliyokwisha kuingia sandukuni haiombwi jioni kwa ajili ya vocha. Mwanamke atakayechagua mwani bila ya hisa amechagua nusu ya kazi.

Sabuni na vitu vinavyotokana na mwani

Tangu mwaka 2006, ulipoanzishwa umoja wa wadau wa mwani ambao Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa bahari, aliuongoza, wanawake wa vijiji kadhaa, wale wa Kidoti wakiwa miongoni mwa waliotangulia, wamefundishwa kusaga mwani kuwa unga na kuutia kwenye sabuni, mafuta ya kujipaka, jemu na achari. Mantiki yake ni nyepesi. Kilo moja ya mwani mkavu iliyokuwa ikiuzwa kwa mamia ya shilingi ikisagwa huingia katika vipande vingi vya sabuni, na kipande kimoja chenye harufu ya karafuu au mdalasini huweza kuuzwa kwa mgeni kwa bei ya kilo kadhaa za mwani. Katika njia hii mwanamke ndiye anayeandika bei kwenye karatasi, na hilo peke yake ni badiliko kubwa kwa mtu aliyezoea kusomewa mshale wa mizani.

Lakini anayeingia asidanganywe na kipande kilichokwisha fungwa vizuri. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji karibu gramu 175 za kostiki soda, na kikombe cha chai hakiwezi kuwa kipimo: ikizidi, sabuni huchoma ngozi ya mteja, ikipungua, hubaki laini na yenye mafuta. Soda hutiwa ndani ya maji, wala maji hayamiminwi juu ya soda, kwani hurukia usoni. Kisha sabuni hukatwa na kuachwa ikomae kwa wiki nne au zaidi, na muda huo wote mafuta yameshanunuliwa, soda imeshanunuliwa, na hapana kilichorudi. Mama mwenye haja ya fedha wiki hii hawezi kuishi kwa sabuni itakayouzwa mwezi ujao.

Soko nalo lina milango yake. Duka la mjini au la hoteli litauliza usajili wa biashara, ruhusa ya Wakala wa Chakula na Dawa, na alama ya ubora ya Taasisi ya Viwango Zanzibar, ambayo kila moja ina gharama na safari zake za kwenda mjini. Wanunuzi wakubwa ni wageni, nao hupungua mno Aprili na Mei. Pemba, ambako wageni ni wachache, kikundi kitategemea harusi, maduka ya kawaida na kupeleka Unguja kwa boti, na sabuni ya mwani itashindana na sabuni ya kiwandani yenye bei ndogo kwa mama wa nyumbani asiyeona sababu ya kulipa zaidi.

Halafu kuna kikundi chenyewe. Nimeona kikundi cha wanawake 22 kikibaki na sita wanaofanya kazi na 22 wanaodai mgawo. Nimeona mashine ya kusagia iliyoletwa na mradi ikikaa miezi minne kwa sababu ya mkanda uliokatika, kila mmoja akisema ni jukumu la mwenzake, na mradi wenyewe umeshafunga ofisi. Kabla ya kujiunga, mwanamke aombe kuona daftari la mahudhurio na la mauzo la miezi sita. Kikundi kinachoona haya kuonyesha daftari kimeshajibu swali.

Maji ya kina, na sponji

Zipo njia mbili zinazofanana kwa jambo moja, kwamba zote mbili zinadai kuogelea. Ya kwanza ni kulima mwani mnene kwenye maji ya kina kwa nyavu za bomba, ambamo mbegu hujazwa ndani ya wavu mrefu mfano wa soksi na kuning'inizwa mahali ambapo maji hayapati joto la ufukweni. Ya pili ni sponji. Jambiani kuna mradi uliowafundisha wanawake kuogelea na kufuga sponji kwa kukata vipande vidogo kutoka sponji mzazi, kuvitunga kwenye kamba zilizoshikiliwa na maboya, na kuvisafisha mara kwa mara mpaka vifikie ukubwa wa kuuzwa. Sponji huvumilia mabadiliko ya maji kuliko mwani mnene, haibebwi kwa mapolo, na sponji moja ya kuogea bei yake hupita ya kilo nyingi za mwani.

Kwa mizani ya fedha na mgongo, sponji ingeshinda. Nafasi zake, hata hivyo, ni chache sana, husubiri muda mrefu kabla ya mauzo ya kwanza, na hutegemea hoteli na wageni kama sabuni inavyotegemea. Ikiwa mafunzo yamefunguliwa na msomaji anaishi karibu, asisite. Ikiwa hayajafunguliwa, hiyo bado si njia ya kuchagua, ni habari njema ya watu wengine.

Kuhusu kuogelea nina la pembeni. Watoto wetu wa kiume hujirusha majini tangu wana miaka mitano na hapana anayewafundisha. Mabinti huitwa warudi nyumbani. Matokeo yake ni kwamba kisiwani, penye bahari pande zote, maji ya kina na chombo ni vya wanaume, na mwanamke amebakiwa na sehemu ya bahari ambayo ndiyo hupata joto kwanza. Mtu akitafuta chanzo cha tofauti ya kipato baina ya ndugu wawili wa nyumba moja, aanzie hapo.

Kazi ya hoteli

Hoteli hulipa kila mwezi, na katika hilo hapana njia nyingine inayoikaribia. Aliyeajiriwa kwa mkataba analindwa na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, ambayo ndani yake mna likizo ya uzazi yenye malipo. Huchangiwa katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF. Na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uliotungiwa sheria mwaka 2023, umeanza na waajiriwa wa sekta rasmi. Mkulima wa mwani, kwa upande wake, asipojiunga kwa hiari yake na ZSSF, uzeeni hana ila Pensheni Jamii, iliyoanza mwaka 2016 kwa wazee wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Tofauti hii haionekani msichana akiwa na miaka 19, na ndiyo kubwa kuliko zote akiwa na 60.

Yote hayo, lakini, yamesimama juu ya neno mkataba. Wapo wasichana wanaofanya kazi kwa "majaribio" yasiyokwisha, wanaorudishwa nyumbani bila ya malipo wakati wa masika hoteli inapofungwa, na wanaoambiwa kwamba ZSSF itaanza mwakani. Jirani yetu mmoja alifanya kazi ya kusafisha vyumba kwa miaka mitatu katika hoteli ambayo sitaitaja. Aliposhika mimba ndipo alipogundua kwamba katika daftari za hoteli hiyo hakuwa mfanyakazi, alikuwa kibarua wa siku. Kwa hiyo maswali ya kuuliza siku ya kwanza ni haya, na yaulizwe kwa adabu lakini yaulizwe: mkataba wa maandishi nitaupata lini, namba yangu ya ZSSF ni ipi, zamu ya usiku ikiisha nitafikaje nyumbani, na nikisumbuliwa na mgeni au na mkubwa wa kazi nitamwambia nani. Swali la usafiri wengine huliona dogo. Daladala za vijijini hazingojei saa sita za usiku, na msichana anayetembea peke yake barabarani kwenye kiza, au anayepanda pikipiki ya yeyote aliyetokea, amebeba hatari ambayo haikuandikwa kwenye mshahara wake.

Kuna pia maneno ya watu. Zamani kidogo binti wa hoteli alisemwa hadi mchumba akarudisha nyuma posa. Maneno hayo yamepungua, nadhani kwa sababu kila ukoo sasa una mtu wake hotelini, ingawa bado wazazi wengi humruhusu mtoto wa kiume bila ya mkutano na wa kike kwa mikutano mitatu.

Anayeingia bila ya ujuzi huishia kwenye kufua na kusafisha. Aliyepita chuo cha mafunzo ya amali, Mwanakwerekwe, Mkokotoni au Vitongoji kwa upande wa Pemba, au aliyesomea utalii, na akawa na Kiingereza cha kuzungumza, huanza juu zaidi, na tofauti hiyo huendelea kwa miaka.

Mwili

Mwani huumiza mgongo kwa kuinama na kubeba, macho kwa mng'ao wa jua juu ya maji na kwa chumvi, miguu kwa makombe na miiba. Viatu vya mpira na kofia pana huokoa mengi na bei yake ni ndogo kuliko siku moja ya kukosa kazi. Wanawake waliopita miaka arubaini hulalamika kwamba wamekuwa wazito wa kufunga taitai. Mara nyingi mikono haina tatizo, ila macho ya karibu yamepungua, na miwani ya kusomea ingewarudishia kasi yao. Mjamzito anaweza kuendelea na kazi ya kufunga mbegu kivulini, lakini kubeba mapolo na kusimama juani kwa saa nne ni jambo la kumwuliza mkunga, wala lisiachiwe ujasiri. Sabuni ina hatari ya soda na moshi wake, ambayo glavu, miwani ya kinga na kufanyia kazi mahali penye hewa hutosha kuipunguza. Hoteli huumiza kwa kusimama, kwa kunyanyua magodoro na kwa usingizi uliovurugwa na zamu.

Mahali pa kusema

Nilidhani zamani kwamba mwenye fedha nyingi ndiye atakayesikilizwa katika shehia, yaani mtaa ulio chini ya sheha. Nimeona vingine. Ilipoitishwa kikao kuhusu njia ya kwendea pwani, ambayo mwekezaji alitaka kuisogeza, sheha alipeleka barua kwa kamati ya wavuvi na kwa kikundi cha sabuni, kwa sababu kikundi kina jina, muhuri na katibu wa kupokea barua. Wakulima wa mwani, ambao ni wengi mara kumi na ndio wanaopita njia hiyo na mapolo, hawakuwa na mtu wa kuandikiwa. Walisikia habari kisimani. Wafanyakazi wa hoteli walikuwa kazini. Aliyesema kwa niaba ya wote siku hiyo alikuwa mwenyekiti wa sabuni, mama asiyemaliza darasa la saba, lakini aliyezoea kusimama kila mwezi mbele ya watu ishirini akisoma hesabu. Mazoea hayo hayapatikani majini peke yako, wala kwenye zamu ya vyumba, isipokuwa kwa mfanyakazi aliyejiunga na chama cha wafanyakazi na kuhudhuria vikao vyake.

Nani achukue kipi

Mama mwenye watoto wadogo na asiye na mtaji, abaki na mwani, kwa masharti kwamba anunue kamba zake hata kama ni kumi kumi na awe na hisa. Wa Pemba naye vivyo hivyo, na kwake ningeongeza wauze kwa pamoja kabla ya kufikiria sabuni. Aliyepita miaka hamsini aache kubeba. Awaachie wenye nguvu bahari, ashike kusaga na kupika sabuni ikiwa kikundi chake kina daftari safi. Mjane au aliyeachwa, ambaye anahitaji fedha ya uhakika kila mwezi, hoteli yenye mkataba inamfaa kuliko vyote, na hoteli isiyo na mkataba ni afadhali kuliko kukosa kabisa, tena kwa miezi mitatu tu, akitafuta nyingine.

Kwa binti wa mama mdogo nilishauri asianze kazi yoyote mwaka huu, aende kwanza kusomea mapishi Mwanakwerekwe, na siku za likizo akae na kikundi cha sabuni ajifunze hesabu zao. Baba yake alitaka aanze hoteli kesho. Mama mdogo alisikiliza pande zote mbili bila ya kusema, kisha akatoa fedha za mgawo wa hisa na kulipa ada ya chuo mwenyewe, na mjadala ukaishia hapo.

Fedha iliyobaki ameichanga na majirani zake watano. Wamenunua mizani ya kuning'iniza, ya chuma, yenye mshale mwekundu, na imetundikwa jikoni kwake juu ya mtungi wa maji. Bamvua ijayo mapolo yatapimwa hapo kabla ya gari la mnunuzi kufika.